Mtu mdogo chini ya mlima mkubwa

Kila nikisoma maelezo ya michoro ya wino ya Uchina ya kale, nakuta kauli ile ile: binadamu kachorwa mdogo ili aonekane si kitu mbele ya maumbile. Mimi siafiki hata kidogo.

Tazama mchoro wa mchoraji Fan Kuan wa wasafiri kati ya milima na vijito, wa takriban mwaka 1000, unaohifadhiwa kwenye makumbusho ya taifa mjini Taipei. Ni hariri yenye kimo cha zaidi ya mita 2. Sehemu kubwa ya juu imetwaliwa na jabali moja lililosimama wima, uso wake umejaa alama fupi fupi za brashi, kama limenyeshewa mvua ya wino. Kulia, maporomoko membamba yanateremka ufani. Chini kabisa, ukisogea karibu, unawaona watu wawili wakiswaga baghala wenye mizigo. Wadogo kweli, lakini hawakupotea. Wana njia, wana kazi, na juu ya miti yanachomoza mapaa ya hekalu. Anayemdharau binadamu hajisumbui kumchorea barabara.

Fan Kuan mwenyewe aliweka jina lake papo hapo, kati ya majani karibu na msafara. Halikugunduliwa hadi 1958. Angeweza kuliandika popote. Akalificha jirani na wale wachunga baghala.

Halafu kuna ukungu. Wino wenyewe ni masizi na gundi tu, na penye ukungu mchoraji hakupaka chochote, kaiacha hariri wazi. Kitako cha mlima kikitoweka, macho hayapati pa kuupimia, na mlima unazidi kukua bila mtu kudunishwa.

Guo Xi, aliyechora katika kasri la wafalme wa nasaba ya Song karne ya 11, alilisema wazi zaidi hili la nafasi ya mtu milimani. Kwake, milima ya kupita na kutazama haikutosha. Mchoro bora ni ule wenye mahali pa kutembea kwa raha na pa kuishi. Aliwafikiria watu waliofungwa na utumishi na wajibu kwa wazazi, wanaoitamani milima lakini hawawezi kuondoka. Mchoro uliwapeleka wakiwa wameketi nyumbani.

Kwa hiyo wanaoandika vibao vya makumbusho waache kutuhesabia udogo wa yule msafiri. Watuambie anapita wapi, na usiku atalala wapi.