Kidude cha Shilingi Mia Tatu na Hamsini

Watu hunitania wakikiona kidude changu cha kupigia muziki: "Soja, kwani huna simu?" Simu ninayo, tena ya kupangusa kwa kidole. Lakini simu yangu ni mtumishi wa watu wengi. Ndiyo benki, ndiyo tochi ya Mama Akinyi stima ikipotea, ndiyo ofisi ya wote wanaonidai. Saa nane za usiku nimekaa getini hapa Milimani, mbu wa ziwani wamenichoka, gitaa ndio kwanza linaanza kupanda, mara ting! "Ndugu mteja, mkopo wako umepitiliza muda." Nani ataendelea kutikisa kichwa baada ya hapo? Halafu betri. Ikifika asilimia 30 haiagi, inajifia tu, na supavaiza akipiga asinipate, asubuhi nakabidhi rungu na koti.

Ndiyo maana nilinunua kidude. Nilikipata kwa kijana anayetandaza vitu vyake juu ya turubai karibu na stendi, hapa Kisumu. Akataka mia tano, nikamtajia mia mbili, tukakutana kwa mia tatu na hamsini, kila mmoja akaondoka akijua amemla mwenzake. Ukubwa wake ni kama kiberiti kilichokanyagwa na tuktuk. Rangi ya kijani, nyuma kina klipi ya kubana shatini, mbele kina vitufe vitano na taa moja. Kioo hakina. Taa ikiwaka buluu ina maana yake. Ikiwaka nyekundu ina maana yake. Ikipepesa haraka haraka kama jicho la mtu mwongo, nayo ina maana yake, na maana zote hizo zimeelezwa vizuri kwenye karatasi iliyokuja nacho, kwa Kichina.

Usidhani kijana wa turubai ndiye aliyebuni. Mambo haya waliyapigia debe Apple wa Marekani. Mwaka 2001 walitoa iPod kwa dola 399 wakawaambia watu sasa mnabeba nyimbo elfu moja mfukoni. Mwaka huohuo Kisumu nasi tukapandishwa hadhi kuwa jiji. Wao wakapata nyimbo, sisi tukapata jiji, na hadi leo napiga hesabu nani alipunjwa. Baadaye wakatoa kadogo kasiko na kioo, na mwaka 2006 wakakawekea klipi. Wenyewe walishaacha kuuza iPod za kila aina tangu 2022. Uchina haikuambiwa, inaendelea kufyatua. Kwa hiyo hiki changu ni mjukuu wa nje wa kile cha 2006. Sura amechukua, urithi hajapewa.

Kidude hakina tumbo. Usipokitia memori kadi kinabaki klipi ya kuanikia nguo. Nikanunua kadi ya GB 8, nikaipeleka duka la muvi kule Nyalenda. Wimbo wa dakika nne hula kama MB nne, kwa hiyo humo zinaingia nyimbo kama elfu mbili. Nikamwambia kijana: niwekee benga, muziki wetu Wajaluo wa magitaa. Misiani na Shirati Jazz yake, Collela Mazee, George Ramogi, hao wazee. Akaitikia, "Sawa, mzee." Ile "sawa mzee" ya kijana ambaye macho yako kwenye mpira.

Alinijazia kweli. Benga ni kama mia moja. Nafasi yote iliyobaki ni chochote kilichokuwa kimelala kwenye kompyuta yake: mixi za madijei wanaofoka juu ya wimbo mpaka mwimbaji mwenyewe anyamaze, mahubiri ya saa nzima, na kozi kamili ya Kifaransa. Na kwa vile kioo hakuna, huwezi kuuchagua wimbo. Unabonyeza mbele, unasikiliza nukta mbili, unabonyeza tena. Nilidhani angalau zimepangwa kwa herufi. Wapi! Hivi vidude vya bei yangu hupiga nyimbo kwa foleni ile zilivyoingia kwenye kadi, na kijana aliingiza benga mwisho kabisa, alipokumbuka kuwa kuna mzee amesimama mlangoni.

Wiki tatu nilibonyeza mbele. Kidole gumba kikaota sugu kama cha fundi wa viatu. Usiku mmoja bosi akapiga honi ghafla, nikashtuka nikagusa kitufe cha nyuma, na hapo, bila jasho, nikamsikia Misiani. Kumbe foleni ni duara! Ukiwa mwanzo ukirudi nyuma hatua moja, umeingia mkiani. Nilisimama pale nikacheka peke yangu mpaka bosi akashusha kioo cha gari akaniuliza kama nimekunywa.

Tatizo jingine ni kwamba hakikumbuki kilipoachia. Ukikizima, ukikiwasha kinaanza moja, na moja ni Kifaransa, somo la kwanza. Kila jioni saa kumi na mbili, nikibana kidude shatini na kuchukua rungu langu, mwanamke mmoja mwenye sauti ya asali ananiambia, "Bonjour!" Anatulia anisubiri nijibu. Mwanzoni nilikuwa namruka. Siku hizi namjibu, maana ndiye mtu pekee anayenisalimia kabla hajauliza kwa nini nimechelewa. Naweza pia kuagiza mkate kwa Kifaransa. Mkate tu, chai bado sijafika.

Sasa nije kwenye kidonda chenyewe. Asiyeijua benga hajui kwamba wimbo mmoja una mioyo miwili. Wazee walirekodi kwenye zile santuri ndogo za RPM 45, na upande mmoja ulibeba kama dakika tatu au nne hivi. Benga haimaliziki kwa dakika nne! Kwanza mwimbaji anaeleza habari zake polepole, anamtaja rafiki, anamtaja mke wa rafiki, magitaa yanamsindikiza kwa adabu. Ndipo anyamaze, besi ipande, gitaa la kwanza litoke mbio na la pili lilifukuze, na hapo ndipo watu huinuka vitini. Sasa santuri iliishia katikati ya hayo. Ilibidi uinuke uigeuze. Wimbo ukawa na sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na waliozihamishia kwenye kompyuta wakaziacha hivyohivyo, faili mbili.

Kwenye kadi yangu sehemu ya kwanza ya wimbo ninaoupenda kuliko yote iko huku, ya pili iko kule, katikati nyimbo sabini. Nasikiliza ya kwanza saa nne usiku, inakatika gitaa likiwa limeinua mguu mmoja. Kufikia sehemu ya pili jogoo wameshawika na mimi nimeshasahau mke wa nani alikuwa anasemwa. Ni kama mtu akwambie, "Unajua nani ametoroka na nani?" halafu apande matatu ya Busia.

Spika za masikioni sizisemi sana. Ya kushoto ilikufa wiki ya pili, na ili ya kulia iongee ni lazima waya uupinde shingoni mwake, uushike kwa vidole viwili kama unayempima kuku. Lakini soja anahitaji sikio moja la kazi na moja la benga, kwa hiyo hapo nilimshukuru mtengenezaji. Waya wa kuchajia ndio balaa. Ni wa aina ile ya zamani, kichwa kinene kama cha kambale. Waya wa simu za leo hauingii. Nilizunguka Kondele kibanda hadi kibanda, mafundi wakinitazama kama niliyeleta lantani, mpaka mmoja akaupata ndani ya boksi la redio zilizokufa, akaniuzia kwa mia mbili. Kidude mia tatu na hamsini, mkia wake mia mbili.

Basi mwezi uliopita nikasema yatosha. Nikarudi duka la muvi, nikatoa shilingi hamsini, nikasimama nyuma ya kijana kama niko kazini. Nikamwamuru afute kadi yote aingize upya: sehemu ya kwanza, papo hapo sehemu ya pili, kisha nyimbo nyingine. Akauliza, "Na hii ya Kifaransa, mzee?" Nikafikiria kidogo. Nikamwambia, "Hiyo iache mwanzo palepale." Nikaenda zamu na nini? Sikwenda na kitu. Betri ilikuwa imeisha. Nikasema kesho.

Kesho yake ilikuwa Jumatatu ya kufua. Mama Akinyi aliloweka shati la kazi, na kidude kilikuwa kimebana kolani. Ile klipi nitaisifu mpaka nife. Kiliingia kwenye beseni kimebana, kikasuguliwa na sabuni kimebana, kikakamuliwa kimebana. Nilipoamka saa saba mchana nilikikuta kinaning'inia kwenye kamba, shati limeng'aa, nacho kimeng'aa, kinadondosha povu.

Jirani akanishauri: "Omera, kizike kwenye mchele, utafyonza maji." Ndani kulikuwa na mchele wa Ahero, kilo mbili, kwenye mkebe wa mafuta ya Kasuku. Nikasema kwanza nitoe kadi. Kadi hukaa kwenye kimdomo chenye springi, ukiisukuma inatoka. Hii haikutoka, iliruka, ikapiga ukingo wa mkebe, ikazama mcheleni. Nikasema afadhali, huko ndiko ilikokuwa inakwenda. Nikakizika kidude juu yake, nikafunika, nikaenda zangu zamu.

Jumanne mama mkwe alikuja kutoka Ugunja kwa kliniki ya macho. Sasa ujue, kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, wala hawali meza moja, wala yeye halali kwa binti yake. Nami naishi chumba kimoja. Kwa hiyo nilipotoka usiku kucha kazini, badala ya kitanda nilipewa kigoda chini ya mwembe wa jirani. Nikasinzia hapo hadi saa kumi, inzi wakinizungumzia. Nikasikia kwa mbali wanaagana. Nikaona mgongo wa mama mkwe ukiondoka, kitenge cha maua, na mfuko mweusi mkononi.

Nikaingia. Kidude kiko mezani, kimefutwa, kimekauka vizuri. Mkebe uko kando, mtupu.

"Mama Akinyi, mchele?"

"Nimempa mama. Au ulitaka aende mikono mitupu?"

Nilikaa kitandani nikavua viatu, nikavivaa tena. Kadi yenyewe ni ukubwa wa ukucha wa mtoto, nyeusi. Ningesema nini? Nimpigie mama mkwe nimwambie samahani, mchele ule una Misiani ndani yake? Simu ya mama mkwe haipigwi ovyo, na sauti yenyewe ikitetemeka atadhani nataka nirudishiwe ng'ombe. Mama Akinyi nikamwomba apige. Akakataa katakata. Eti kumwomba mama yake apekue mchele wa zawadi ni kumwambia kwamba mchele wenyewe ni mchafu.

Nikachaji kidude nikakijaribu bila kadi. Taa ikapepesa haraka haraka. Nikaijua maana yake bila karatasi.

Siku nne baadaye, Jumamosi, shemeji alipiga simu akaongea na Akinyi, na Akinyi akaniletea ujumbe akiwa amesimama wima kama anayesoma shairi shuleni. Nyanya yake, dani kama anavyomwita, alikaa mlangoni na ungo akichagua mchele. Miwani mpya usoni. Akaona kitu cheusi, akadhani ni fukusi, akakitupa kwa kuku. Kuku akakidonoa akakitema. Shemeji akakiokota, akakipangusa, akakitia kwenye redio yake ya kisanduku.

"Baba, dani anasema asante sana. Anasema anajua wewe huwezi kumpa zawadi mkono kwa mkono, ndiyo maana uliificha kwenye mchele. Anasema una heshima."

"Mwambie asijali," nikasema. Koo limekauka.

"Anasema ule wimbo ulipoendelea, gitaa lilipokolea, alisimama akacheza, mpaka majirani wakaja."

Umesikia? Ulipoendelea! Mama mkwe amesikia sehemu mbili bila kuinuka kugeuza santuri, kwa shilingi hamsini zangu, na mimi bado sijazisikia.

"Na anauliza," Akinyi akaendelea, "yule mwanamke anayemsalimia kila asubuhi akiwasha redio ni nani, na amjibuje? Anasema anajisikia vibaya kunyamaza."

Nikachukua rungu langu, nikabana kidude kitupu shatini. "Mwambie dani ajibu tu bonjour. Na akitaka mkate, amwite mjomba wako anipigie."