Laptopu Haina Kosa, Windows Imepigwa Nusu

Mwezi wa sita mpwa wangu alikuja nyumbani na begi mgongoni, akaniamkia "shikamoo mjomba" huku tayari anafungua zipu. Ndani mlikuwa na HP EliteBook 840 G3, mtumba wa Ulaya, aliyoinunua Kariakoo kwa fedha aliyoidunduliza karibu mwaka mzima. Nilidhani kaja kunionyesha. Kumbe kaja kuniuliza kama namjua mtu wa kuinunua.

"Gemu linastaki mjomba. Nimerudi dukani, wameniambia hii haina nguvu ya gemu, niongeze laki nne nichukue nyingine."

Nikamwambia afungue gemu lake la mpira nione. Kipa akapiga mpira mrefu, ukaenda angani vipande vipande: sasa upo hapa, mara upo kule, katikati hakuna kitu. Wachezaji walikimbia kama watu waliozama kiunoni kwenye maji. Feni ilikuwa inavuma tangu gemu lianze kufunguka. Nikabonyeza kitufe cha kupunguza mwanga wa kioo. Mwanga haukupungua. Nikabonyeza tena na tena, kioo kikabaki kinang'aa vilevile, na hapo nikamwambia mnunuzi tumwache kwanza.

Kitufe hicho cha mwanga nakiamini kuliko maelezo ya muuzaji yeyote. Kwenye laptopu nyingi, mwanga wa kioo unasimamiwa kupitia draiva ya grafiki, yaani programu inayoiamrisha sehemu ya kompyuta inayochora picha. Draiva isipokuwepo, unabonyeza na hakuna wa kupokea amri. Tukafungua Device Manager, orodha ya vifaa vya kompyuta ndani ya Windows, tukapanua mstari wa Display adapters, na palipotakiwa kuandikwa Intel HD Graphics 520 paliandikwa Microsoft Basic Display Adapter. Ukiyakuta maneno hayo kwenye kompyuta yako, usiuze kitu, usinunue kitu, wala usikubali kuambiwa mashine yako ni dhaifu. Hujawahi kuitumia mashine yako.

Draiva ni programu inayokaa kati ya Windows na kifaa, na ndiyo inayojua namna ya kukiamrisha kifaa hicho. Windows inakuja na draiva yake ya dharura kwa ajili ya kadi ya grafiki (hiyo sehemu inayochora picha) ambayo haijapata ya kwake, ili angalau uone picha na umalize kuweka mfumo. Inajua kuonyesha picha kwenye kioo, basi. Kuituma kadi ifanye kazi ya kuchora haiwezi. Sasa gemu likitaka kuchorewa uwanja, majani, vivuli na jezi ishirini na mbili, kazi yote inaiangukia prosesa, ubongo wa kompyuta. Magemu mengine yanakataa kabisa kufunguka. Mengine yanafunguka, yanatambaa.

Piga hesabu kidogo uone mzigo wenyewe. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina nukta 2,073,600. Gemu linaloteleza vizuri linachora fremu, yaani picha nzima, 60 kwa sekunde, yaani zaidi ya nukta milioni 124 kila sekunde, na kila fremu inatakiwa iwe tayari ndani ya milisekunde 16 na ushee. Prosesa ya ile laptopu, i5-6300U, ina viini viwili tu, na viini hivyo vina kazi nyingine: kukokotoa mpira unakwenda wapi, kusoma kibodi, kutoa sauti, kuiendesha Windows yenyewe. Wakati huohuo, ndani ya chipu hiyohiyo, kuna kadi ya Intel yenye vitengo 24 vilivyotengenezwa kwa ajili ya kuchora, navyo vimekaa bure. Mpwa wangu alikuwa amezilipia sehemu zote mbili. Alikuwa anatumia moja.

Inafikaje hapo? Laptopu za mtumba zikifika hupigwa Windows upya. Fundi ana flashi moja, ana mashine kumi mezani, na intaneti anaitoa kwenye simu yake. Windows inaingia, mashine inawaka, Word inafunguka, inapanda rafuni. Katika hali ya kawaida draiva ingejileta yenyewe kupitia Windows Update, na kwa mwenye Wi-Fi ya nyumbani mara nyingi hujileta siku ya kwanza bila yeye kujua. Wengi wetu tunatumia hotspoti. Ili bando lisiteketee, tunaambiwa tuiweke hotspoti kama metered connection, yaani intaneti ya kupimwa, na hapo Windows, usipoiruhusu mwenyewe kwenye mipangilio, haishushi draiva. Wengine wanaizima Windows Update moja kwa moja, na anayewaelekeza ni fundi huyohuyo. Kijana anabana bando kwa nia njema kabisa, na laptopu inakaa miezi na draiva ya dharura. Simlaumu anayebana bando. Bando ni pesa. Ninachokataa ni mtu mwenye ujuzi kumkabidhi mteja mashine ya namna hiyo halafu, mteja akirudi kulalamika, amuuzie nyingine.

Turudi kwa mpwa wangu. Tuligeuza laptopu tukasoma modeli chini yake, tukaingia kwenye tovuti ya HP, ukurasa wa msaada, tukaandika modeli hiyo na kuchagua aina ya Windows. Faili la draiva ya grafiki lilikuwa megabaiti mia kadhaa, tukalisubiri tunakunywa chai. Tulipoanza kuliweka, kioo kilizima sekunde mbili tatu. Akashtuka, akanishika mkono. Kikawaka, na maandishi yaliyokuwa yamevimba yakajipanga madogo na makali. Tukaizima na kuiwasha upya. Kabla hata hajagusa gemu, alikaa anapunguza na kuongeza mwanga wa kioo, anapunguza, anaongeza, kama mtoto aliyeonyeshwa swichi ya taa.

Kisha akafungua mechi ileile. Haikugeuka PlayStation, na sitaki mtu aondoke hapa na matumaini ya uongo. Tulishusha ubora wa picha hadi wa kati, tukaweka 1280 kwa 720, na gemu likatulia kwenye fremu hamsini na kitu. Kipa akapiga mpira mrefu, na safari hii ukaonekana njia nzima, kutoka mguuni mwake hadi kwenye kifua cha mshambuliaji.

Watu wakisikia kisa cha namna hii huondoka na neno moja tu: apdeti draiva kila wiki. Hapo natofautiana nao. Kukosa draiva ni jambo moja, kuwa na draiva ya zamani kidogo ni jambo lingine. Mwaka 2022 Intel waliziondoa kadi za ndani ya prosesa za kizazi cha 6 hadi cha 10 kwenye mkondo wa kawaida wa masasisho, wakabaki kuzirekebishia hasa mambo ya usalama na kasoro kubwa. Kwa hiyo mwenye HD 520 ambaye tayari ana draiva yake halali hataamka siku moja akute fremu kumi za bure. Akimaliza bando kutafuta toleo jipya zaidi, amelimaliza bando.

Yapo mazingira ambapo sasisho linageuza mambo kwelikweli, na mfano ninaoupenda ni wa hao hao Intel. Kadi zao za Arc zilipotoka mwaka 2022 zilikuwa zinadhalilika kwenye magemu ya zamani ya DirectX 9 (mfumo wa zamani wa Microsoft wa kuchorea magemu), magemu ambayo kadi za bei ya chini zaidi ziliyachezesha bila shida. Mwanzoni mwa 2023 wenyewe walitangaza kwamba draiva mpya zimepandisha kasi ya magemu hayo kwa wastani wa asilimia 43. Kadi ni ileile, chuma ni kilekile, kilichobadilika ni programu. Kadi ikiwa mpya sokoni, au gemu likiwa limetoka wiki hii, sasisha bila kusita, kwa sababu NVIDIA na AMD, watengenezaji wengine wa kadi, nao hutoa draiva zilizoandaliwa kwa ajili ya magemu makubwa yanapotoka. Lakini kumbuka pia Machi 2010, NVIDIA walipolazimika kuiondoa draiva yao namba 196.75 baada ya watu kulalamika kwamba feni za kadi hazizunguki inavyotakiwa na kadi zinapata moto. Sasisho linaweza kuleta ugonjwa ambao hukuwa nao. Gemu lako likicheza vizuri, iache draiva ilivyo.

Jambo linaloniumiza zaidi ni hizi programu zinazojitangaza kwamba zitakukagulia draiva zote bure. Mtu anatafuta draiva mtandaoni, anayekutana naye wa kwanza ni tangazo la programu hiyo. Anaishusha. Inakagua, inamwonyesha orodha ndefu nyekundu ya vitu vilivyopitwa na wakati, mpaka kibodi na spika, anatetemeka, kisha anaambiwa alipie ndipo irekebishe. Nyingine zinaingia na matangazo yanayojifungua yenyewe hata ukiwa unaandika barua. Nimewahi kusafisha kompyuta ya mama mmoja jirani iliyokuwa na programu tatu za aina hiyo, zote zinagombana, na grafiki ilikuwa haijaguswa. Anwani za kwenda hazizidi mbili: ya aliyetengeneza laptopu yako, na ya aliyetengeneza kadi, yaani Intel, AMD au NVIDIA. Kwa laptopu ningeanza na ya kwanza, kwa sababu mtengenezaji huwa ameijaribu draiva hiyo kwenye mashine yenyewe.

Mwenye kompyuta ya mezani ya mtumba yenye kadi ya zamani awe makini na kitu kimoja. Draiva mpya kabisa huenda isiingie. Kadi za NVIDIA za familia ya Kepler, ambazo ni nyingi kwenye mfululizo wa GeForce 600 na 700, ziliachwa kwenye draiva mpya za magemu mwaka 2021, na zake za mwisho ni za kundi la 470. Chagua jina la kadi yako kwenye tovuti yao, upewe inayoihusu. Ukishusha ya juu kabisa na kuambiwa haiendani, kadi yako haijafa.

Na kuna laptopu zenye kadi mbili, ya Intel kwa kazi nyepesi na ya NVIDIA au AMD kwa kazi nzito. Draiva zote zipo, kila kitu kiko sawa, ila gemu limeangukia kwa Intel. Ingia kwenye mipangilio ya Windows, Display, kisha Graphics, lichague gemu lako na uweke High performance. Dakika moja, na haili bando.

Draiva ikiwa sawa na gemu bado linakwama, sikiliza linakwama vipi. Likianza vizuri kisha baada ya dakika kumi likazidiwa huku laptopu inaunguza mapaja, hilo ni joto: vumbi limeziba njia ya hewa, au grisi ya kwenye prosesa imekauka, na prosesa inajipunguza kasi ili isiungue. Kwa vumbi la mitaani kwetu hilo si ajabu. Likiwa linateleza halafu linaganda nusu sekunde kila unapoingia sehemu mpya, mara nyingi ni diski ya zamani ya kuhifadhia mafaili (hard disk), ile inayozunguka, inachelewa kusoma. Likiwa zito tu wakati wote, fungua uangalie RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Kadi ya ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake, inakula kwenye RAM ya kompyuta, na laptopu nyingi za mtumba zinauzwa na kipande kimoja tu. Kuongeza cha pili kinachofanana kunaifungulia njia ya pili ya kupitisha data, na kwenye magemu tofauti hiyo inaonekana kwa macho. Laki nne za mpwa wangu zingetumika, ningependa zianzie hapo, na asingezimaliza.

Sasa wewe unayeuza. Najua faida kwa mashine moja si kubwa, najua umeme unakatika na foleni ya wateja inakusubiri. Lakini modeli unazouza kila wiki ni zilezile tano au sita. Shusha draiva zake mara moja, kila modeli na folda yake, ziweke kwenye flashi hiyohiyo ya Windows. Mashine ikiwaka, weka draiva ya grafiki, izime, iwashe, kisha bonyeza kitufe cha mwanga mbele ya mteja wako aone kioo kinafifia. Ni dakika kama kumi. Ukiniambia bei yake imepanda shilingi elfu kumi kwa sababu hiyo, nitakupa, na wapwa zangu wote nitawaleta kwako.