Pato la Halmahera limepaa, fundi wake yuko wapi?

Ukitaka kujua mkarafuu wa Pemba asili yake ni wapi, utafika Maluku Kaskazini, Indonesia, kwenye visiwa visivyo mbali na mstari wa ikweta: Ternate, Tidore na jirani zao. Mkabala na visiwa hivyo kuna kisiwa kikubwa cha Halmahera, na siku hizi anayekitaja hazungumzii karafuu, anazungumzia nikeli. Januari 2020 serikali ilizuia kusafirisha nikeli ghafi nje ya nchi. Matanuru ya kuyeyushia yakaongezeka kwa kasi kule Weda, Halmahera, na kule Morowali, Sulawesi ya Kati. Mwaka 2022 uchumi wa Maluku Kaskazini ulikua kwa zaidi ya asilimia 20, wakati nchi nzima ilikua kwa asilimia 5 na ushei.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekuja kweli. Je, wenyeji wamepona?

Tafiti nyingi za pengo la uchumi kati ya mikoa ya Indonesia haziwezi kujibu swali hilo, na kosa si la hesabu. Kipimo kinachopendwa kule ni fahirisi ya Williamson, iliyotokana na kazi ya mwanauchumi Mmarekani Jeffrey Williamson ya mwaka 1965. Unachukua pato la kila mkoa kwa kila mtu, unatazama limeachana kiasi gani na wastani wa taifa, kisha tofauti hiyo unaipatia uzito kulingana na idadi ya watu wa mkoa. Fahirisi ikikaribia 0, mikoa inalingana. Lakini pato la mkoa huhesabu kilichozalishwa pale, haliulizi kimeingia mfukoni mwa nani. Faida ikihamia Jakarta au China, fundi mkuu akituma mshahara wake kwao kisiwani Java, kwenye daftari yote hayo bado ni mali ya Halmahera. Pengo linapungua kwenye karatasi, na mtoto wa mvuvi wa Weda anabaki kufagia yadi ya kiwanda.

Tena tusidhani kwamba habari yote ni Java tajiri na visiwa maskini. Ni kweli Java ina takriban asilimia 7 tu ya ardhi ya nchi, lakini imebeba zaidi ya nusu ya watu na zaidi ya nusu ya pato. Lakini tazama mshahara wa kima cha chini wa 2025: Jakarta ulikuwa rupia 5,396,761 kwa mwezi, na Java ya Kati, kisiwa hicho hicho, ulikuwa rupia 2,169,349. Papua, ambako umaskini ndio mkubwa kuliko kwingine, kima cha chini kilipita rupia milioni 4. Ukishangaa, kumbuka kwamba kima cha chini ni cha mwenye ajira rasmi, na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa Indonesia hawana ajira hiyo.

Upande wa pili kuna watafiti wa rasilimali watu, wanaopima mafunzo kazini, motisha na utendaji wa wafanyakazi ndani ya mashirika. Hawa na wale wa fahirisi hawakutani. Mmoja ana mikoa isiyo na watu, mwingine ana wafanyakazi wasio na kwao. Kwenye dodoso mfanyakazi ataulizwa umri, elimu na miaka kazini. Alizaliwa wapi? Kimya. Nadhani hapo ndipo jambo lenyewe lilipojificha.

Mwaka 2019 serikali iliruhusu kampuni inayogharamia mafunzo ya ufundi na uanagenzi ikate hadi mara mbili ya gharama hiyo kwenye mapato yanayotozwa kodi. Wazo zuri. Ila nafuu ya kodi humfaa mwenye faida ya kutozwa kodi, na uanagenzi humfaa aliye na chuo karibu. Vyote hivyo vimerundikana Java. Hata huko, shule za sekondari za ufundi zina aibu yake: Agosti 2024 wahitimu wake ndio walioongoza kwa kukosa kazi, asilimia 9 hivi, wakati wastani wa taifa haukufika 5.

Nchi hiyo hiyo ilishawahi kufanya vizuri zaidi. Kati ya 1973 na 1978, fedha za mafuta zilipofurika, ilijenga shule za msingi zaidi ya 61,000, na wilaya zenye watoto wengi wasiosoma ndizo zilizopewa nyingi zaidi. Mwanauchumi Esther Duflo alichunguza elimu na mishahara ya watoto hao walipokuwa watu wazima. Mwaka 2001 alionyesha kwamba kila shule moja kwa watoto 1,000 iliongeza mishahara yao kwa asilimia 1.5 hadi 2.7. Nazipenda takwimu hizo kwa udogo wake, maana hazijigambi. Mafuta yaligeuzwa madarasa, na madarasa yalianzia kwenye upungufu.

Nikeli haijapata mpango wa namna hiyo. (Sisi wenye nikeli ya Kabanga kule Ngara tusicheke, bado hatujaanza hata kuyeyusha.) Mtafiti kijana wa Ternate akiniuliza aandike nini, nitamwambia aache wastani wa mkoa kwa muda, asimame getini Weda zamu zinapobadilishana. Amuulize kila anayetoka: umezaliwa wapi, mwaka huu umefundishwa nini kwa siku ngapi, na nani anasaini karatasi yako ya kupandishwa cheo.