Maendeleo Yako Njiani, Kodi Imetangulia

Jamani, maendeleo nayataka, asije mtu akasema nayapinga. Shida yangu ni kwamba huku Muriet, Arusha, yakisikika tu yako njiani, kodi ya nyumba inatangulia kuyapokea.

Tangu tusikie AFCON 2027, kombe la soka la mataifa ya Afrika, tutaiandaa sisi na Kenya na Uganda, na uwanja wenyewe unajengwa Olmoti, baba mwenye nyumba wangu kageuka mchambuzi wa soka. Mtu hajui hata ofsaidi! Anakuja tarehe mosi, anasimama mlangoni, mikono kiunoni, anatazama upande wa Olmoti, anavuta pumzi: "Fundi, unaona mji unavyokua?" Hapo najua elfu ishirini imeshapanda. Chumba ni kile kile. Choo ni kile kile, tunatumia kaya nne, na mlango wake unafungwa kwa kamba ya katani.

Halafu kuna kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla: ilianza 1,000 kwa mwezi, ikaja 1,500. Jengo lake, mita ninayo mimi. Mwezi ukianza nikanunua umeme wa 2,000, serikali inachukua chake kwanza, uniti zinazobaki zinatosha kuchaji simu nimpigie mwenye nyumba kumkumbusha deni ninalomdai. Naye jibu lake ni moja: "Tutahesabiana, fundi." Lini? Mwenyezi Mungu ndiye anajua.

Sawa, faida ipo, nisiwe mnafiki. Mimi ni fundi pikipiki. Watu wameongezeka, bodaboda zimeongezeka, na kila bodaboda kwangu ni mteja. Ila lami! Enzi za vumbi na makorongo, shokapu zilikuwa zinavuja, rimu zinapinda, spoku zinakatika, beringi ndiyo usiseme. Kulikuwa na korongo moja pale kwenye kona, lile lilinisomeshea mtoto mpaka darasa la saba. Wakalifukia. Mtaa mzima ukashangilia, nami nikapiga makofi, ila yangu yalikuwa ya msibani. Siku hizi vijana wanakuja kubadilisha oili na kuomba pampu ya bure.

Mama ntilie wetu yeye hajapandisha bei, anajisifia kabisa. Kapunguza nyama. Zilikuwa vipande vitatu, sasa kimoja, tena unakitafuta kwenye mchuzi kwa kijiko. Ukiuliza, anakwambia wabeba zege hawaulizi.

Jumapili mwenye nyumba kaja na jipya. Eti wageni wa AFCON watahitaji pa kulala, kwa hiyo mashindano yakianza nimpishe chumba, akipake rangi, akipangishe kwa dola. Nikamuuliza, baba, mimi na wanangu tutalala wapi?

Hakufikiri hata kidogo. "Fundi, uwanja una viti 30,000, wewe utakosa vinne?"