Mnyama Huyu Anarudi Lini?

Watanzania wengi tunaokwenda Dubai kutafuta mzigo tunaujua mji ule kwa njia chache tu: hoteli ya Deira, maduka ya Naif, Dragon Mart, halafu kago. Mzigo ukichelewa kufungwa, unajikuta na siku nzima huna la kufanya. Siku ya namna hiyo mimi niliamua kuzunguka kuangalia wanyama, peke yangu, kuanzia asubuhi mpaka usiku. Kutembea peke yako kuna faida yake katika mambo haya. Hakuna wa kukuvuta mkono akakwambia twende, tutachelewa. Unasimama mbele ya mnyama mmoja mpaka uridhike, na ukisimama muda mrefu, maswali yanakuja yenyewe.

Niseme msimamo wangu mapema. Sipingi kila uzio na kila kioo. Ninachotaka ni kwamba kila anayefuga wanyamapori na kutuuzia tiketi awe na jibu la swali moja: huyu mnyama, au watoto wake, au wa jamii yake, anarudi lini kwao? Kama jibu lipo, nitalipa kiingilio kwa moyo mweupe, tena nitawaambia na wengine walipe. Kama halipo, basi hicho ni kifungo cha maisha cha kiumbe asiye na kosa, hata kama chakula ni kizuri na daktari yupo.

Nilianzia Dubai Safari Park, upande wa Al Warqa. Ilifunguliwa Desemba 2017 kwenye hekta 119, ikachukua nafasi ya bustani ya zamani ya Jumeirah iliyokuwepo tangu 1967. Ile ya zamani ilikuwa vizimba vilivyobanana katikati ya nyumba za watu, kwa hiyo kuhamia eneo kubwa ni jambo la kupongezwa na mimi nalipongeza. Joto la kiangazi likishika, hufunga milango kwa wageni, basi anayetaka kwenda aende miezi ya baridi.

Kwenye sehemu ya Afrika niliganda kwa twiga. Majani yalikuwa yametundikwa juu ili wale kwa kunyoosha shingo, kama kwao. Mmoja alikuwa karibu kiasi kwamba niliuona ulimi wake vizuri: mrefu, mweusi wenye kuelekea zambarau, unajikunja kwenye tawi, unavuta, majani yote yanabaki mdomoni na kijiti kinabaki kitupu. Nilimtazama akimaliza tawi zima. Pembeni yangu kijana mmoja mfanyakazi alinisikia nikiongea na simu kwa Kiswahili, akasogea.

"Dada, shikamoo. Umetoka Tanzania kuja kuona twiga huku?"

Nilimwambia kweli, na wala sikuona aibu, kwa sababu nyumbani kinachotushinda si kiingilio. Raia wa Tanzania anaingia Mikumi kwa shilingi elfu chache. Kinachotushinda ni gari la kukuzungusha humo ndani. Yule kijana akaniambia yeye ni mtu wa Kisii, na twiga wa kwanza kumwona kwa macho yake alimwona palepale alipopata kazi, Dubai, si Kenya.

Hilo lilinigusa, na ni hoja nzito ambayo watetezi wa bustani za wanyama wana haki ya kuitumia. Mtoto wa Manila, wa Karachi au wa Kisii ambaye hatafika Serengeti maisha yake yote amepata kumwona twiga akila. Sitamnyang'anya mtu furaha hiyo. Lakini dawa ya mtu wa Kisii kutomwona twiga ni basi la shule kwenda Nakuru, na dawa ya mtoto wa Mbagala ni basi la kwenda Mikumi. Haiwezekani dawa iwe kumsafirisha twiga.

Na kusafirisha twiga sisi tunakujua. Novemba 2010, wanyama hai zaidi ya 100, wakiwemo twiga wanne, walipandishwa ndege ya kijeshi pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, wakapelekwa Qatar. Twiga, ambaye picha yake iko kwenye ndege za shirika letu na ni alama ya taifa, alitolewa nchini kupitia uwanja wa kimataifa, si kwa njia ya panya. Mwaka 2014 mahakama Moshi ilimhukumu mshitakiwa mkuu miaka 60 jela, naye alishatoroka zamani. Twiga hawakurudi. Mwaka 2016 Serikali ikazuia biashara ya kusafirisha wanyama hai nje. Juni 2022 likatoka tangazo kwamba wafanyabiashara waliobakiwa na wanyama wataruhusiwa kuwatoa kwa muda wa miezi sita, wananchi wakapiga kelele, na ndani ya siku chache likasimamishwa. Nilifurahi sana siku ile. Kelele zile zilikuwa na maana, na naomba tusizichoke.

Simsingizii mtu. Wale twiga wa Dubai sina sababu ya kuwahusisha na ndege ya KIA. Wanyama wengi wa bustani siku hizi huzaliwa hukohuko bustanini, kizazi baada ya kizazi. Ila hapo ndipo swali langu linapobana zaidi. Twiga aliyezaliwa ndani ya uzio, na mama yake alizaliwa ndani ya uzio, anamwakilisha nani?

Humo humo bustanini, sehemu ya jangwa la Uarabuni ndiyo iliyonipa jibu la upande wa pili. Wapo choroa weupe wa huko, wenye pembe ndefu zilizonyooka, wadogo kuliko choroa wetu. Wageni walikuwa wanawapita haraka kwenda kutafuta simba. Laiti wangejua. Choroa wa Uarabuni waliisha porini mwaka 1972, wa mwisho wakiuawa na wawindaji katika jangwa la Oman. Kilichowaokoa ni kwamba miaka kumi kabla yake watu waliona hatari wakakusanya wachache, wakawapeleka bustani ya wanyama ya Phoenix, Arizona, jangwa kwa jangwa, wakawazalisha. Mwaka 1982 wakaanza kuachiwa tena Oman, kwenye nyika ya Jiddat al-Harasis. Hao ndio waliokuwa na jibu la "anarudi lini".

Habari haikuishia kwa furaha tupu. Kuanzia 1996 majangili walirudi Oman, na safari hii hawakutaka nyama wala pembe. Waliwataka choroa wazima, wawauze kwa matajiri wenye bustani zao binafsi. Kundi lililokuwa limefika mamia likabaki 65 ilipofika 2007, na mwaka huohuo UNESCO ikaiondoa hifadhi ya choroa ya nyika ile kwenye orodha ya urithi wa dunia, ya kwanza duniani kuondolewa, baada ya Oman kuipunguza eneo kwa asilimia 90. Kwa hiyo bustani zilimwokoa choroa, na tamaa ya kummiliki ikakaribia kummaliza tena. Leo wapo porini katika nchi kadhaa za Uarabuni kwa sababu wenye makundi walikubali kuwaachia. Abu Dhabi imefanya zaidi: tangu 2016 imekuwa ikirudisha Chad choroa wa aina nyingine, wale wenye pembe zilizopinda kwa nyuma, ambao nao walikuwa wameisha kabisa porini.

Mtanzania hana haja ya kwenda mbali kulielewa hili. Tunao vyura wa Kihansi. Wengi tunawakumbuka kama kichekesho cha bungeni, kwamba nchi nzima inahangaika na vyura vidogo kuliko kidole gumba. Mimi naona ni moja ya kazi nzuri zilizofanywa kwa jina letu. Vyura hao waligunduliwa 1996 katika bonde la mto Kihansi, kwenye eneo dogo linalopata rasharasha za maporomoko na penginepo popote duniani hawapo. Hawatagi mayai, huzaa watoto walio hai. Bwawa la umeme lilipoanza kuchukua maji, rasharasha ikakatika. Mwaka 2000 vyura 499 wakachukuliwa kwenda Marekani, wakatunzwa hatimaye kwenye bustani za wanyama za Bronx, New York, na Toledo, ndani ya masanduku ya kioo yenye mvuke unaopulizwa saa zote. Huku nyumbani wakaisha. Mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba porini hawapo tena. Mwaka 2010 mia moja wa kwanza wakarudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa bondeni, palepale, ambapo safari hii rasharasha inatengenezwa kwa mabomba.

Vyura wale walikaa kifungoni zaidi ya miaka kumi, vizazi kwa vizazi, na sina neno baya la kusema. Watu wa Bronx walijua tangu siku ya kwanza kwamba vyura si wao.

Jioni nikapanda metro kwenda Dubai Mall. Kile kioo cha bahari unaweza kukitazama kwa nje bila kulipa hata dirhamu moja. Nyuma yake kuna lita milioni 10 za maji, na kioo chenyewe kina unene wa sentimita 75. Nilisimama pale na watu wa kila taifa, mikono ina mifuko ya manunuzi, tukiangalia papa, taa na chewa wakipita. Ni pazuri, siwezi kukataa. Taa mmoja mkubwa alipita juu ya vichwa vyetu akionyesha tumbo jeupe, na mtoto mmoja akapiga ukelele wa furaha hadi mama yake akacheka.

Lakini Dubai hiyohiyo ina kisa cha papa potwe. Agosti 2008 papa potwe mchanga wa urefu wa mita nne hivi aliingizwa kwenye tangi la hoteli ya Atlantis, kule Palm Jumeirah. Hoteli ilisema imemwokoa kwenye maji mafupi. Wakampa jina la Sammy. Watu wa Mafia wanamjua samaki huyu. Kati ya Oktoba na Machi huja karibu kabisa na Kilindoni, na wavuvi wetu hupishana naye bila ugomvi. Akikua hupita mita 12, na huzama zaidi ya mita 1,000 kwenda chini. Hakuna tangi la hoteli linaloweza kumpa kina hicho. Wanamazingira na wakazi wa kawaida walisema bila kuchoka mpaka Machi 2010, hoteli ilipomwachia baharini akiwa na kifaa cha kumfuatilia. Nampa heshima kila aliyeandika barua wakati ule. Walikuwa wageni kwenye nchi ya watu, wengi wao, na bado walisema.

Ninapopata shida kubwa ni kwa pengwini wa Mall of the Emirates, ndani ya ule ukumbi wa theluji, wanakokaa tangu 2012. Nilikwenda kuwaona usiku. Wanatunzwa vizuri, nilivyoona mimi. Wahudumu wanawaita kwa majina, wanawajua mmoja mmoja, maji safi, baridi ya kutosha. Pengwini mfalme mmoja alisimama mbele ya mtoto aliyevaa koti kubwa kumzidi, wakatazamana kwa muda mrefu. Wamezaliwa kwa ajili ya bahari ya kusini mwa dunia, ambako huzama zaidi ya mita 200 kutafuta samaki. Hawana pa kurudi, wala hakuna anayepanga kuwarudisha, wala aina yao haiko kwenye hatari ya kutoweka ambayo ukumbi ule unaisaidia. Wema wote ule wa wahudumu haubadilishi kitu hapo. Ndiyo maana sipimi mahali kwa ukatili peke yake. Mahali panaweza kuwa na upole mwingi na bado pasiwe na sababu ya kuwepo.

Ukatili wenyewe niliukuta mwishoni, mahali ambapo sitapataja, palipokuwa na bundi wa kupiga naye picha. Alifungwa mguu kwa kamba ya ngozi, kwenye kiti cha mbao, na kila mteja akija flashi inampiga machoni. Bundi anafumba, anafumbua, anageuza kichwa, hana pa kukipeleka. Mchana ndio usiku wake, na usiku wenyewe amegeuziwa mchana. Kwetu bundi anaogopwa kwa uchuro, anafukuzwa kwa mawe, na nilisimama pale nikiona kwamba kuogopwa kumemfaa kuliko kupendwa kwa namna hii.

Picha za namna hiyo ndizo zinazolisha biashara mbaya zaidi. Watoto wa duma wanaibwa Pembe ya Afrika, Ethiopia na Somalia, wanavushwa Ghuba ya Aden hadi Yemen, wengi wanafia njiani, kwa sababu kuna mtu anataka kuonekana na duma kwenye kiti cha gari. Umoja wa Falme za Kiarabu ulitunga sheria mwaka 2016 kukataza watu binafsi kufuga wanyama hatari, na ni sheria nzuri. Ila mnunuzi wa picha hakuwekewa sheria. Huyo ni mimi na wewe.

Basi anayekwenda Dubai na akapata siku ya bure, nashauri hivi. Kioo cha Dubai Mall kitazame bure kwa nje. Dubai Safari nenda, na ukifika kwa choroa usipite haraka, muulize mhudumu habari zao. Ukiwa na nafasi zaidi, panda basi la Al Ain, ambako kuna bustani ya wanyama iliyoanzishwa 1968 na Sheikh Zayed, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Falme za Kiarabu, na uzalishaji wa choroa ni kazi yake ya miaka mingi. Ukikuta bundi, tumbili au nyoka wa kupiga naye picha, usitoe hata dirhamu moja. Na kila mahali waulize kwa sauti, mbele ya wageni wengine, wamewarudisha porini wanyama gani, wapi, na mwaka gani.