Mpangaji naye ni mkazi wa mtaa huu

Jumamosi iliyopita nilitoka kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama cha wakazi wa mtaa wetu nikafika nyumbani, nikapakua chakula, nikakiangalia tu. Nimeishi Nakuru maisha yangu yote na mikutano ya mtaa nimehudhuria mingi, mingine ya kelele, mingine ya kusinzia. Huu umenikaa rohoni, na nisipouandika sitatulia.

Ajenda zilikuwa sita. Geti jipya lilichukua saa nzima na nusu: nguzo ziwe za mawe au za saruji, jina la mtaa liandikwe kwa herufi za chuma au kwa rangi, na kama chini yake tuongeze maneno “Jiji la Nakuru”, kwa vile tulipewa hadhi hiyo tangu Desemba 1, 2021. Taa za barabarani zilipewa dakika kumi. Taka, dakika tano. Kisima, ambacho ndicho kinachonywesha nusu ya mtaa, kiliwekwa mwisho kabisa kwenye Mengineyo, pamoja na mbwa wanaozurura usiku.

Tulipofika hapo watu walikuwa wameshaanza kutafuta funguo za magari. Ndipo akasimama mama mmoja aliyekuwa ameketi nyuma karibu na mlango. Wengi wetu tunamjua. Amepanga kwenye ploti ya kona kwa miaka kumi na tisa, amezalia watoto wake watatu hapa, na mwaka ule tulipofiwa na jirani yetu wa upande wa juu ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba akikusanya mchango. Mkononi alikuwa na daftari la shule, lile la kurasa thelathini na mbili. Akalifungua, akasema: “Mwenyekiti, asante kwa nafasi. Mimi nimeandika hapa. Ule mkaa wa mifupa unaochuja maji kwenye tangi letu ulibadilishwa mara ya mwisho miaka mitatu iliyopita, mwezi wa pili. Nimemuuliza kijana wa pampu…”

Hakumaliza. Mwenyekiti aliinua mkono. “Mama, tafadhali keti. Hapa tunaongea wenye ploti. Nyinyi wapangaji mtapata ujumbe kupitia kwa wenye nyumba wenu.”

Akaketi. Akalifunga daftari, akalitia ndani ya kiondo, akakaa na mikono yake magotini mpaka tukafunga kwa maombi. Nilidhani angetoka. Hakutoka. Watu sabini hivi tulikuwa ukumbini, na hakuna aliyefungua mdomo. Mimi mwenyewe nina ploti, niliyorithi kwa marehemu baba, nilikuwa safu ya pili, sauti ninayo, na nilinyamaza.

Sasa niseme nilichopaswa kusema pale.

Wasomaji wa Nakuru sina haja ya kuwaeleza habari ya meno yenye madoa ya kahawia. Sote tuna ndugu, mwanafunzi mwenzetu au mpenzi wa zamani aliyezoea kuziba mdomo akicheka. Kaka yangu amepita miaka arobaini, ana kazi nzuri na watoto, lakini mpaka leo mkono wake wa kushoto hupanda mdomoni wenyewe mtu akichekesha. Picha yake ya harusi imefunga midomo. Watoto wa shule tulikuwa tunaitana majina kwa ajili ya meno hayo, na tuliokuwa na meno meupe kidogo hatukuwa na huruma hata chembe.

Ni floraidi, madini ambayo yakizidi kwenye maji ya kunywa hutia meno madoa. Bonde la Ufa limejaa miamba ya volkeno, na maji yanayokaa ndani ya miamba hiyo huyeyusha madini na kupanda nayo kisimani. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya upande huu wetu vinakipita. Huwezi kuiona floraidi, haina harufu, na usidanganyike kwamba ukichemsha imetoka: chemsha upendavyo, maji yatapungua sufuriani na floraidi itabaki yote, tena sasa iko kwenye maji machache zaidi.

Na hili ndilo ninalotaka kila mwanakamati alisome polepole. Jino la ukubwani hujengwa ndani ya ufizi miaka mingi kabla halijachomoza. Mtoto akifika miaka minane hivi, meno yake mengi ya mbele yameshamaliza kujengwa. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu anayekunywa maji ya tangi letu leo, doa lake linaandikwa leo, na mzazi ataliona miaka minne au mitano ijayo, wakati hakuna tena cha kufuta. Akiendelea kunywa maji yenye floraidi nyingi kwa miaka na miaka, huingia mpaka kwenye mifupa na viungo. Tumewaona wazee waliokunjika mgongo na hawawezi kuigeuza shingo.

Dawa yake si siri hapa kwetu. Jimbo Katoliki la Nakuru limefanya kazi ya mkaa wa mifupa kwa miaka mingi: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri kwa hewa kidogo, inasagwa kuwa chembechembe, inaoshwa, kisha maji yanapitishwa humo taratibu. Floraidi hunata kwenye ile mifupa kama ambavyo ingenata kwenye mifupa yetu. Lakini mkaa huo hushiba. Ukishashiba, maji yanapita tu kama yanavyopita kwenye kokoto, na anayechota haoni tofauti yoyote. Tangi ni lile lile la buluu, bomba ni lile lile, ladha ni ile ile. Ndiyo maana lazima mtu apime, aandike tarehe, afuatilie. Na katika mtaa mzima wenye mwenyekiti, makamu, katibu, mweka hazina na kamati ya maji, aliyeandika tarehe ni mpangaji, kwenye daftari la mtoto wake.

Kwa nini yeye? Jibu si gumu. Nendeni kisimani saa kumi na mbili asubuhi mwone ni akina nani wamepanga foleni na mitungi. Sisi wenye ploti watoto wetu wamekua, wako Nairobi, wako Eldoret, wako ng'ambo. Kati ya watu tisa wa kamati, sijui hata mmoja ambaye nyumbani kwake kuna mtoto chini ya miaka kumi. Wengi wananunua ile mitungi mikubwa ya maji ya dukani. Watoto wadogo wa mtaa huu, wanaocheza mpira kwenye uwanja wetu, wanaotumwa dukani, wanaotuamkia barabarani “shikamoo” na “habari ya jioni”, ni watoto wa wapangaji. Meno yanayojengwa sasa hivi katika mtaa huu ni yao.

Halafu tunawaambia mama zao waketi.

Katiba ya chama chetu inasema mwanachama ni mwenye hati miliki. Kifungu hicho kiliingia tulipokuwa tunasajili chama upya, na sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba wapangaji ni watu wa kupita. Nilitia sahihi, pamoja na wengine. Sikufikiri. Niliona ni karatasi nyingine ya kumaliza ili twende nyumbani. Leo naona tulifanya kosa kubwa, kwa sababu mchango wa kila mwezi hatukuuwekea kifungu kama hicho. Mpangaji analipa mia tano sawa na mimi. Asipolipa, jina lake linatumwa kwenye kundi la WhatsApp mbele ya majirani wote. Mlinzi anayelinda ploti yangu usiku analipwa na mpangaji. Dizeli ya jenereta ya kisima inanunuliwa na mpangaji. Nimehesabu milango ya upande wetu wa barabara: ploti kumi na moja, na ndani yake familia arobaini na tatu. Wenye ploti wanaoishi hapo ni wanne tu. Wengine saba wanakuja mwisho wa mwezi kuangalia nyumba zao, na kura wanazo.

Nitakubali jambo moja, na nalikubali kwa shingo upande. Kuna mambo ambayo mwenye ardhi ana haki ya kuyaamua na wenzake. Chama kikitaka kukopa kwa dhamana ya ile ploti ya kisima, au kuuza kipande, sitaki mtu anayehama mwezi ujao aamue. Pia ni kweli kwamba wapo wapangaji waliohama na deni la miezi sita, tukabaki tunatafutana. Haya, mambo ya ardhi yatengwe. Lakini maji? Usalama? Taka? Hapo hati miliki inaingia wapi?

Sheria za nchi hazituungi mkono hata kidogo. Katiba ya 2010, ibara ya 42 na ya 43, inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na maji safi na salama. Kila mtu. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inazungumzia ushiriki wa wakazi. Hata Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kulindana, tuliyoitoa kwa jirani zetu wa Tanzania na ambayo serikali ilianza kuisukuma kwa nguvu mwaka 2013, inahesabu nyumba, na anayelala ndani ya nyumba ndiye anayehesabiwa. Mwizi akiingia, chifu haulizi nani mwenye ploti. Anauliza nani alikuwepo.

Na mbona tuende mbali? Baba alikuwa mmoja wa waliochimba kisima hicho. Nilikuwa msichana mdogo, nilikuwa nabeba viti vya wageni. Mikutano ilikuwa chini ya jakaranda, ile iliyokatwa kupanua barabara, na watu walikuja na stuli zao kutoka nyumbani. Hapakuwa na daftari la wanachama. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika wiki tatu kwa wote, na wote walikuja. Fundi cherehani aliyekuwa amepanga chumba kimoja tu karibu na duka ndiye aliyechaguliwa mweka hazina, kwa sababu watu walisema hesabu zake za nguo hazijawahi kupotea hata shilingi. Alikaa mweka hazina miaka saba. Baba alikuwa akisema kwamba fundi huyo alikuwa akihesabu pesa za kisima mara mbili, mara ya pili mbele ya mke wake. Mtu huyo leo asingeruhusiwa kusimama ukumbini.

Nimesikia pia ile hoja nyingine, kwamba wapangaji wakipewa nafasi watakuja wengi na kelele zitazidi. Waje. Kwenye mkutano wa Jumamosi tulikuwa sabini na tulikubaliana haraka sana kuhusu herufi za chuma. Bei yake naijua, ilisomwa. Niliuliza baadaye gharama ya kubadilisha mkaa wote wa tangi. Fedha za geti zingetosha, na chenji ingebaki.

Sisemi geti ni baya. Tuliibiwa sana kabla ya lile la zamani kuwekwa, na wanaolitaka jipya wana sababu zao. Nasema geti lingengoja mwaka mmoja. Jino la mtoto halingoji.

Basi nimeanza kufanya ninachoweza. Katiba yetu inaruhusu mkutano wa dharura theluthi moja ya wanachama wakitia sahihi. Nimeandika barua fupi yenye mambo mawili: mkaa wa kisima ubadilishwe kabla ya kazi ya geti kuanza, na kifungu cha uanachama kirekebishwe ili kila kaya inayolipa mchango iwe na kura kwenye mambo ya maji, usalama na usafi. Tangu Jumapili nimekuwa nikizunguka jioni baada ya kazi. Wengine wametia sahihi mlangoni bila kusoma, na hao nimewarudishia kalamu nikawaomba wasome kwanza. Wengine wameniambia, “Dada, usituletee siasa.” Mzee mmoja rafiki ya baba alinikaribisha chai, akasoma barua mara mbili, akasema hilo la kumkalisha yule mama lilimuuma na yeye, akatia sahihi kwa mkono unaotetemeka.

Jana nilikwenda kwenye ploti ya kona. Nilitaka kumwomba radhi kwa kunyamaza. Alikuwa anaosha vyombo nje, akapangusa mikono kwa leso, akanivutia kiti. Nilipomaliza kusema alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, “Haya, Mama, yamepita. Lete hiyo karatasi niione.” Akaisoma yote. Akaingia ndani akatoka na lile daftari, akanionyesha tarehe nyingine ambazo sikuzijua: siku pampu iliposimama, siku maji yalipotoka na mchanga, majina ya wazazi wa watoto wa chekechea kumi na wawili wanaochota pale. Kisha akaniuliza atie sahihi wapi.

Nikaangalia ile fomu niliyoichapa mwenyewe. Nafasi zilikuwa tatu: jina, sahihi, nambari ya ploti.

Nikaomba kalamu yake, nikapiga mstari mpya ukingoni kwa mkono, nikaandika juu yake “Mlango”. Akajaza: mlango wa nne.