Deni ni langu, pasta anapigiwa ya nini?

Hii habari ya programu za mikopo kupigia watu wote walio kwa simu ya mdaiwa imenichoma sana, dada yangu alikopa kidogo tu akachelewa kulipa, wakampigia hadi pasta wetu na tichaa wa mtoto wakimwita mwizi! Hapa Kenya Sheria ya Ulinzi wa Data iko tangu 2019, Katiba nayo kifungu cha 31 kinalinda faragha ya kila mtu, sasa pasta alikubali lini namba yake itumike kudai deni la mwingine? Kamishna wa Data ameshawapiga faini baadhi yao, hapo nampongeza, lakini faini wanalipa alafu wanaendelea tu. Benki Kuu ndio inawapa leseni, iwanyang'anye.